Laptopi ya zamani: kipi hasa kimezeeka ndani yake?

Mtu akisema laptopi yake imezeeka, mara nyingi kilichozeeka ni kipande kimoja tu ndani yake. Betri huchoka baada ya miaka michache ya kazi ya kila siku. Diski ngumu inaweza kufa mwaka wa pili, au ikadumu miaka kumi. Prosesa, ambayo watu huitaja kwanza wakisifia mashine mpya, huharibika kwa nadra sana. Ile iliyotoka kiwandani mwaka 2015 inahesabu leo kwa kasi ileile ya siku ya kwanza. Programu nazo zina umri wa aina nyingine kabisa. Huo hupangwa na kampuni iliyozitengeneza, na tarehe yake ya mwisho hutangazwa mapema.

Kwa hiyo swali la "nitengeneze au ninunue nyingine?" halijibiki likiulizwa hivyo. Linaanza kujibika ukishajua ni kipande gani kinachokukwamisha, kama kipande hicho kinachomoka au kimechomelewa kwenye ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vipande vyote), na kama mfumo endeshi wa mashine, kama vile Windows, utaendelea kupata masasisho ya usalama. Nimeona laptopi nzima zikifungiwa kabatini kwa sababu ya kipande ambacho mtu asiye fundi, mwenye bisibisi na subira, angekibadilisha kwa nusu saa. Nimeona pia watu wakinunua betri, kisha RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine), kisha kioo, kwa ajili ya mashine ambayo mfumo wake umeshaachwa bila ulinzi. Hasara hizo mbili zina chanzo kimoja: dawa imenunuliwa kabla ya ugonjwa kujulikana.

Mashine ikiwa nzito

Lalamiko linaloongoza ni uzito. Laptopi inawaka kwa dakika kadhaa, kivinjari kinafunguka kwa kusuasua, kila ukibonyeza unasubiri. Kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati mashine inasuasua, kisha tazama safu zinazoonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski. Dakika tano za kutazama hapo zina thamani kuliko ushauri wa watu kumi ambao hawajaiona mashine yako. Ukikuta programu usizozihitaji zinajiwasha zenyewe kila unapowasha kompyuta, zizime kwanza. Hilo halina gharama yoyote.

Safu ya diski ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa ikicheza kwenye 10 au 15, umeshapata jibu. Laptopi nyingi zilizouzwa hadi katikati ya miaka ya 2010, na baadhi za baadaye, zilikuja na diski ngumu yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusomea kinachokwenda na kurudi juu yake. Kila data inapoombwa, kichwa husogea hadi kwenye mstari wake, kisha husubiri sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa pafike chini yake. Safari hiyo huchukua takriban milisekunde 15. Kwa binadamu ni kufumba na kufumbua, lakini kwa hesabu hiyo sekunde nzima haitoshi hata maombi 100. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila kona ya diski, na vyote hupanga foleni mbele ya kichwa kimoja.

SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka wala kinachosogea. Hujibu ombi kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo, na hata ile ya kawaida inayotumia kiunganishi cha SATA huhudumia makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Ndiyo sababu kuondoa diski ngumu na kuweka SSD ni ukarabati ninaoutetea kuliko mwingine wowote. Laptopi iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tatu huwaka kwa sekunde chache, na mwenye nayo anagundua kwamba prosesa aliyoilaumu kwa miaka ilikuwa imekaa tu ikisubiri data. Huhitaji hata SSD ya kifahari. Ya SATA husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, ya NVMe, njia ya mawasiliano yenye kasi kuliko SATA, ya kizazi cha kati hufika 3,500, na kwa karatasi tofauti ni kubwa mno; kwa mtu anayeandika, anayevinjari na kuhudhuria mikutano ya video, tofauti hiyo haionekani sana, kwa kuwa kilichokuwa kinaumiza ni muda wa kusubiri kila ombi, na muda huo zote mbili zimeshauondoa.

Kosa hutokea wakati wa kununua. Diski ya inchi 2.5 ya kiunganishi cha SATA huingia pale ilipotoka ile ya zamani bila shida, ingawa baadhi ya laptopi zinahitaji kipande cha kuongeza unene, kwa kuwa SSD nyingi zina unene wa milimita 7 na diski nyingi za zamani zilikuwa na 9.5. Zile SSD nyembamba za umbo la M.2 zinataka uangalifu zaidi. Nambari 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, lakini umbo halikuambii lugha inayozungumzwa ndani: moja inaweza kuwa ya SATA na nyingine ya NVMe, zikafanana sana kwa macho, na tundu la laptopi yako likakubali moja tu. Mwongozo wa mtengenezaji ndio wenye jibu. Usinunue kwa kukisia.

Safu ya kumbukumbu ikiwa ndiyo iliyojaa, yaani RAM inakaa juu ya asilimia 85 au 90 muda wote, mfumo huanza kuhamishia mzigo wake kwenye diski, na uzito unarudi kwa mlango wa nyuma. Gigabaiti 4 leo zinatosha kwa shida. Gigabaiti 8 zinamtosha mtu wa kazi za kawaida, na 16 zinampa nafasi anayefungua kurasa nyingi kwa mkupuo au anayehariri picha. Hapa napo kuna vizazi visivyochanganyika: DDR3 ilianza kuuzwa mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na mkato ulio kwenye ukingo wa kila moja umewekwa mahali tofauti makusudi ili isiingie kwenye tundu la nyingine. Ndani ya DDR3 yenyewe ipo ya volti 1.5 na ya volti 1.35, na baadhi ya laptopi hukubali hiyo ya pili tu. Kuna jambo zito zaidi: laptopi nyingi nyembamba hazina tundu la RAM kabisa, chipu zimechomelewa kwenye ubao. MacBook Pro ya kioo cha Retina iliyotoka mwaka 2012 ilikuwa hivyo, na katika mashine za Apple zenye chipu ya M1, zilizoanza mwaka 2020, kumbukumbu imewekwa kwenye pakiti moja na prosesa. Mwenye mashine kama hiyo hana cha kuongeza.

Na kama prosesa ndiyo inayokaa kwenye asilimia 100 kwa kazi zako za kila siku, hapo bisibisi haina msaada. Prosesa za laptopi karibu zote tangu katikati ya miaka ya 2010 zimechomelewa. Anayehariri video za ubora mkubwa kwa mashine ya prosesa dhaifu anahitaji mashine nyingine, na kumwambia aongeze RAM ni kumpotezea fedha. Ila asifikie uamuzi huo kabla ya kupima joto.

Joto

Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Vumbi likishajikusanya kati ya feni na mapezi ya kutolea joto, hewa haipiti, na mashine iliyokuwa na nguvu inageuka dhaifu kila baada ya dakika kumi za kazi. Dalili ni feni kupiga kelele muda wote na kasi kushuka mashine ikipata moto, kisha kurudi ikipoa. Fungua kifuniko cha chini, shika feni kwa kidole isizunguke, safisha kwa brashi laini na hewa ya kupuliza. Kama haikuwahi kufunguliwa kwa miaka mitano au zaidi, pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba huenda imekauka. Ifute kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ndogo, na rudisha skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa kando yake. Kazi hii ina faida kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, na vifaa vyake ni vya bei ndogo.

Betri

Betri ya lithiamu hufa hata ikitunzwa. Chaji inapoingia na kutoka, ayoni za lithiamu husafiri kati ya ncha ya grafiti na ncha ya oksidi ya metali, na kila safari huacha kiasi kidogo cha lithiamu kimenaswa kwenye utando unaojijenga juu ya grafiti. Kilichonaswa hakirudi kazini. Betri nyingi za laptopi hutengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kati ya 300 na 500 ya chaji kamili. Baadhi, kama za MacBook za miaka ya karibuni, zimepangiwa mizunguko 1,000. Kuna uchakavu mwingine usiohesabu mizunguko, ule wa kalenda. Huenda haraka zaidi betri ikikaa imejaa kabisa na penye joto, na hivyo ndivyo ilivyo kwa laptopi inayochomekwa kwenye chaja asubuhi hadi usiku. Ndiyo maana watengenezaji wengi siku hizi huweka kitufe cha kuzuia chaji isipite asilimia 80. Kiwashe.

Usikisie hali ya betri. Mashine yenyewe itakueleza. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na utapata ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Gawanya wa sasa kwa ule wa kwanza. Ukipata asilimia 75, betri bado ina maisha, na kama mashine haikai na chaji tafuta programu inayoitafuna. Ukipata 40, badilisha, na usiifanye kuwa sababu ya kununua laptopi nyingine.

Ugumu wa kubadilisha unategemea ilivyofungwa. Laptopi za zamani zilikuwa na betri ya kuchomoa kwa kusukuma vifungo viwili. Nyingi zilizofuata zina betri ya ndani iliyoshikwa kwa skrubu na plagi moja, na hiyo anaiweza yeyote. Zilizogundishwa kwa gundi ndizo za kuogopa, kwa kuwa kuing'oa betri kwa kitu chenye ncha kunaweza kuitoboa, na betri ya lithiamu iliyotobolewa hushika moto ambao ni vigumu kuuzima. Hizo mpelekee fundi mwenye uzoefu nazo. Wakati wa kununua betri, jihadhari na ile "halisi" iliyotengenezwa mwaka mmoja na laptopi yako ikakaa ghalani muda wote huo. Imezeeka kwa kalenda hata kama haijawahi kutumika. Tazama tarehe ya kutengenezwa.

Jambo moja halina mjadala. Padi ya kugusa ikianza kuinuka au kugoma kubonyea, au laptopi ikiwa haitulii sawasawa mezani, huenda betri imevimba. Gesi imejikusanya ndani baada ya kemikali zake kuvunjika. Zima mashine, acha kuichaji, usiibonyeze irudi mahali pake, na usiendelee kuitumia eti mpaka mwezi uishe. Itolewe na ipelekwe panapopokewa taka za kielektroniki, isitupwe na takataka za nyumbani.

Kioo, kibodi, tundu la chaja

Kioo kilichopasuka hutisha kuliko kinavyostahili. Katika laptopi nyingi zisizo za mguso, fremu ya plastiki hubanduka, skrubu chache hutoka, na kebo moja huchomolewa. Namba ya kioo imeandikwa mgongoni mwake, na ndiyo ya kununulia, ukihakikisha kiunganishi kina idadi ileile ya pini, 30 au 40. Vioo vya kugusa vilivyogandishwa pamoja na kifuniko chote ni habari nyingine, na gharama yake mara nyingi huamua kesi nzima. Kibodi nazo ziko namna mbili: inayotoka kwa skrubu, na ile iliyofungwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, ambayo kuibadilisha ni kuvunja makumi ya vichwa hivyo kimoja kimoja.

Tundu la chaja linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana ndilo linalofanya laptopi nzima ihesabiwe imekufa. Katika mashine nyingi za zamani tundu la duara limeunganishwa na ubao kwa waya mfupi wenye plagi, na kulibadilisha ni kazi ya dakika chache. Tundu la USB-C mara nyingi limechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama. Likilegea, kazi ni ya fundi mwenye vifaa vya kuchomelea. Na kabla ya kutamka kwamba mashine imekufa, jaribu chaja nyingine yenye volti na wati zinazofaa. Kisha chomoa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, toa RAM uirudishe. Mashine kadhaa huamka hapo.

Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza

Nakili data yako mahali pengine. Hii ni kanuni hata kwa anayebadilisha kibodi tu. Kama Windows yako imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, unaoficha data ya diski isisomeke bila ufunguo, tafuta ufunguo wake wa kurejesha na uuandike kabla hujagusa kitu, maana mabadiliko kwenye mipangilio ya ubao yanaweza kuifanya mashine iudai, na asiye nao amefungiwa nje ya mafaili yake mwenyewe.

Kisha tafuta mwongozo wa ufundi wa modeli yako hasa, mpaka herufi ya mwisho. Dell, HP na Lenovo huchapisha miongozo hiyo kwa mashine zao nyingi, yenye picha za kila skrubu, na iFixit, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, hutoa maelekezo ya bure ya maelfu ya vifaa. Ukisoma mwongozo utajua mapema kama skrubu nyingine zimejificha chini ya miguu ya mpira, na kama unahitaji bisibisi ya nyota ya T5 au ile ya pembe tano iliyo kwenye MacBook nyingi. Utajua pia kama kazi imekuzidi, na kujua hilo kabla ya kuanza ni faida.

Ukishafungua, plagi ya betri ndiyo ya kwanza kuchomolewa, kabla ya kingine chochote. Gusa chuma tupu kisicho na rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Binadamu huanza kuuhisi ukiwa takriban volti 3,000, wakati vipande vya kielektroniki vinaweza kuumia kwa volti chache kuliko hizo, kwa hiyo kutohisi kitu hakumaanishi uko salama. Panga skrubu kwenye karatasi kwa umbo la mahali zilipotoka. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa ubao au kutokea juu ya kibodi. Kebo bapa huachiwa kwa kuinua kilimi kidogo cha kuzibana; usivute kwa nguvu kitu ambacho hujaelewa kinavyofungwa.

Kimiminika kikimwagika, utaratibu ni mmoja: kata umeme papo hapo, toa betri kama inatoka, usiwashe "kuona kama inafanya kazi". Maji yenyewe hukauka, lakini madini na sukari hubaki kwenye ubao, na umeme ukipita humo unakula shaba. Kuizika laptopi kwenye mchele hakuondoi hata chembe ya mabaki hayo. Ubao unatakiwa ufunguliwe na kuoshwa kwa isopropili.

Pale mkono wa mwenyewe unapoishia

Ubao mama ndio mpaka. Ukiungua, kipuri chake kinaweza kugharimu karibu sawa na laptopi nzima iliyotumika ya aina hiyohiyo, na kutafuta chipu moja iliyokufa kati ya mamia kunahitaji mchoro wa saketi, hadubini na miaka ya mazoezi. Wapo mafundi hodari wanaoiweza kazi hiyo, na wanastahili malipo yao. Lakini mmiliki anayejifunza kuchomelea hapohapo juu ya mashine anayoitegemea anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kinachonikera ni kwamba mpaka huo umekuwa ukisogezwa makusudi. RAM iliyokuwa inachomoka ikachomelewa, betri iliyokuwa na vifungo ikagundishwa, na baadhi ya mashine sasa zina hata hifadhi iliyochomelewa, kiasi kwamba chipu moja ikifa laptopi nzima inakwenda nayo. Sababu za uhandisi zipo, wembamba na kasi ni za kweli, ila mnunuzi hakuambiwa anachopoteza ili apate milimita hizo. Sheria zimeanza kujibu. Ufaransa tangu Januari 2021 inawataka wauzaji waonyeshe alama ya urahisi wa kutengenezeka, kati ya 0 na 10, kwa bidhaa kadhaa, laptopi zikiwamo. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vya kubebeka, kuanzia Februari 18, 2027, ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa pale kanuni ilipotoa ruhusa maalumu. Na kampuni ya Framework ya Marekani, iliyotoa laptopi yake ya kwanza mwaka 2021, imeonyesha kwamba mashine nyembamba inaweza kufunguliwa kwa bisibisi moja na kubadilishwa hadi ubao mama wake.

Umri wa programu

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa kubadilisha, na watengenezaji wa nyumbani huisahau kwa kuwa haionekani ukifungua kifuniko. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Microsoft ilitangaza mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji binafsi, lakini huo ni wa kununua muda tu. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, ukiacha prosesa chache, Intel ya kizazi cha 8 iliyoanza kutoka mwaka 2017, au mpya kuliko hiyo. Kwa hiyo laptopi nzuri ya mwaka 2016, yenye SSD mpya na betri mpya, inaweza kukosa mfumo wa kampuni hiyo unaolindwa bila kasoro yoyote ya chuma. Baada ya mfumo huja kivinjari: Chrome iliacha kusasishwa kwa Windows 7 na 8.1 mapema mwaka 2023.

Kuitumia mashine isiyolindwa kwa benki na barua pepe sikushauri kamwe, hata kama inawaka kwa sekunde tano. Lakini kuna njia ya tatu, nayo ni Linux, mfumo endeshi wa bure wenye matoleo mengi. Linux Mint na Debian hufanya kazi vizuri kwenye laptopi ya mwaka 2012 yenye gigabaiti 8 za RAM na SSD, na unaweza kuziwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukaona kama Wi-Fi, sauti na kamera vinaitika. Mtu ambaye kazi zake ziko ndani ya kivinjari na kwenye hati za kawaida hatapungukiwa na kitu. Anayeishi kwa Photoshop au kwa programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows pekee atapungukiwa, na ni vema akubali hilo mapema. Mashine za biti 32, yaani zenye prosesa za aina ya zamani, nazo zinafungiwa mlango: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake kwa ajili yao.

Hesabu

Kanuni inayorudiwa sana husema matengenezo yakizidi nusu ya bei ya laptopi mpya, nunua mpya. Naiona ina kasoro, kwa kuwa inalinganisha vitu visivyolingana. Laptopi mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingi ina RAM kidogo iliyochomelewa, kioo hafifu na kibodi ya kubanduka, wakati ya kibiashara ya miaka sita iliyopita, ukiipa SSD na betri, mara nyingi inaishinda, isipokuwa kwa wepesi wa kubeba. Linganisha gharama ya vipuri na bei ya mashine itakayokupa utendaji uleule, mpya au iliyotumika na kukaguliwa. Halafu gawa gharama kwa miaka iliyobaki ya masasisho. Betri ya kuipa mashine miaka minne ni rahisi. Betri hiyohiyo kwa mashine yenye miezi sita ya ulinzi ni ghali.

Weka kwenye mizani pia kile kisicholipwa dukani. Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayotokana na laptopi katika maisha yake hutoka wakati wa kuitengeneza, kabla hujaiwasha mara ya kwanza, hivyo kuongeza miaka ya matumizi kuna uzito kuliko kununua mpya inayokula umeme kidogo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki duniani kwa mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Nikiulizwa, ninatengeneza bila kusita kama tatizo ni diski, RAM ya kuchomoka, feni, betri ya skrubu au kioo cha kawaida, na kuna mfumo unaolindwa utakaokaa humo. Nikikuta matatizo mawili makubwa kwa pamoja, mathalani bawaba zimeng'oa plastiki na ubao unasuasua kuwaka, ninaacha. Ubao uliolowa soda na kukaa wiki kadhaa, ninaacha. Prosesa isiyoiweza kazi ya mwenyewe, ninaacha, ingawa mashine hiyo inaweza kumfaa mtu mwingine kwa miaka.

Ukiamua kuiacha

Ichukue SSD au diski uiweke kwenye kasha la USB, itakufaa kwa nakala za akiba. RAM na chaja zina wanaozitafuta. Kama unaitoa au kuiuza ikiwa nzima, kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka hakutoshi. Diski ngumu ya sahani huandikwa upya yote mara moja na imekwisha. SSD ni tofauti, kwa sababu kidhibiti chake hutawanya data kwenye seli ambazo mfumo hauzioni, na kuandika juu yake huacha mabaki. Tumia amri ya kufuta iliyo ndani ya SSD yenyewe, ambayo watengenezaji wengi huitoa kupitia programu yao au menyu ya ubao. Na kama diski ilikuwa imesimbwa tangu mwanzo, ukiharibu ufunguo na nakala zake zote, data iliyobaki haisomeki kwa yeyote.